Tundu dogo, mfupa uleule: jibu kwa muuza dagaa wa Kirumba

Swali: “Shikamoo daktari. Nina miaka 46, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mguu wangu wa kulia una nundu ubavuni mwa kidole gumba, na kidole chenyewe kimekilalia cha pili. Nikisimama toka alfajiri mpaka mchana, jioni siwezi kukanyaga. Mwanangu anasoma Dar, kaniambia siku hizi kuna upasuaji wa leza wa tundu dogo, unaingia asubuhi, jioni unatoka unatembea. Mimi nakaa Mabatini, juu kwenye mawe. Biashara yangu inafuata giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki, napumzika kama siku kumi. Je, nikifanyiwa mbalamwezi inapoanza, giza likirudi nitakuwa nimepona?”

Jibu

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: hapana. Giza la kwanza litakukuta ndiyo kwanza unatolewa nyuzi. La pili litakukuta bado umevaa kiatu cha upasuaji, mfupa unaanza kushikana. La tatu, kwenye wiki ya kumi hivi, unaweza kushuka Mwaloni kwa saa chache ukiwa na kiti na mtu wa kukubebea. Kusimama kutwa kama ulivyozoea, panga giza la nne. Na hata hapo mguu utakuwa unavimba jioni.

Nimefurahi kwamba umeuliza kwa giza na mbalamwezi. Wagonjwa wengi huniuliza “nitapona lini” bila kuniambia kupona kwao ni kufanya nini. Karani anayekaa mezani anaweza kurudi kazini baada ya wiki mbili au tatu, mguu akauweka juu ya kiti cha pili. Wewe unasimama kwenye sakafu iliyolowa, unainama kwenye gunia, unainuka na sado mkononi, halafu unapanda mawe kwenda kulala. Mguu wako unadaiwa vitu ambavyo wa karani haudaiwi.

Tundu ni dogo kweli, mwanao hakudanganya. Lakini kinachochukua muda kupona si ngozi, ni mfupa, na kwa njia hii mfupa hukatwa vilevile kama unavyokatwa kwa njia ya zamani ya kupasua wazi. Shika hilo kuliko mengine yote nitakayosema.

Tuelewane kwanza kuhusu nundu. Wengi hudhani ni mfupa ulioota, wanataka ukwanguliwe waende zao. Kwa sehemu kubwa sivyo. Nyuma ya kidole gumba kuna mfupa mrefu unaotoka katikati ya mguu. Kwako mfupa huo umeegemea upande wa mguu wa pili, na kidole chenyewe kimeelekea kwa wenzake. Pale vinapokutana pembe imetokeza, na pembe hiyo ndiyo nundu unayoishika. Kano zinazokivuta kidole hufanya kazi kama kamba za tanga: mlingoti ukiwa wima zinavuta sawa, mlingoti ukishainama zinazidi kuuinamisha. Ndiyo maana nundu ya mtu mzima hairudi yenyewe. Vile vimpira vya kutenganisha vidole vinavyotangazwa kwenye simu hupunguza msuguano na maumivu, lakini mfupa havinyooshi. Na ukikwanguliwa nundu peke yake bila kunyoosha mfupa, utarudi hospitali kwa tatizo lilelile.

Mwangalie mama yako miguuni, au shangazi zako. Mara nyingi nundu hii inatembea ndani ya ukoo, na viatu vyembamba huja kuiharakisha.

Sasa hiyo “leza”. Neno limeenea, lakini katika upasuaji huu leza haimo. Kinachotumika ni kijichuma kinachozunguka, chenye unene wa milimita 2 hivi, jamaa wa ile keekee ya daktari wa meno, ila hiki huzungushwa taratibu na kwa nguvu ili kisiunguze mfupa na ngozi. Daktari hutoboa vitundu vitatu hadi vitano, kila kimoja milimita 3 hadi 5. Kwa njia ya wazi mkato mmoja unaweza kufika sentimita 5. Kwa kuwa haoni mfupa kwa macho, anaongozwa na mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, inayoleta picha papo hapo kwenye skrini. Anaukata ule mfupa mrefu karibu na kichwa chake, anakisukuma kichwa kuelekea kidole cha pili, kisha anakishikilia kwa skrubu, mara nyingi mbili. Mara nyingi hukata pia kipande chembamba kwenye mfupa wa kidole chenyewe ili kinyooke, nako akaweka skrubu ndogo.

Nikuonyeshe kidogo kinachotokea pale, maana ni vizuri mtu ajue mguu wake ulifanywa nini. Msaidizi anamwagia maji ya chumvi yaliyopoozwa pale kichuma kinapoingilia, bila kukoma. Kutoka kwenye kitundu unatoka uji mweupe mzito, kama unga wa muhogo uliolowa. Ule ni mfupa uliosagwa. Daktari anaukamua kwa kidole gumba chake, anasukumia maji ndani kwa bomba la sindano, anakamua tena, mpaka maji yanayotoka yawe safi. Uji ule ukibaki ndani, mguu unavimba zaidi na mfupa usiotakiwa unaweza kujijenga pale. Daktari mwenye subira kwenye hatua hiyo ndiye ninayemtaka mimi kwa ndugu yangu.

Mara nyingi hulazwi usingizi. Unachomwa ganzi kuzunguka kifundo cha mguu, au ganzi ya mgongo, na unaweza kusikia wanavyozungumza. Kazi yenyewe kwa mguu mmoja huchukua kama saa moja. Ni kweli wengi hurudi nyumbani siku ileile, na ni kweli wanatoka wanakanyaga, ila kwa kisigino na ndani ya kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika. Hapo ndipo maneno “unatoka unatembea” yanapopoteza watu. Kutembea huko ni kwenda chooni na kurudi kitandani.

Njia hii imepita kwenye mabonde. Marekani walianza miongo mingi iliyopita kukata mifupa ya miguu kupitia vitundu, bila skrubu, kidole kikashikiliwa na bandeji tu. Baadhi ya vidole vilirudi kupinda, vingine vikafupika, na madaktari wengi wa mifupa wakaisusa. Hii ya sasa yenye skrubu imara imeenea tangu miaka ya 2010, baada ya kazi ya madaktari kama Joel Vernois wa Ufaransa na David Redfern wa Uingereza. Ikilinganishwa na upasuaji wa wazi, maumivu ya siku na wiki za mwanzo huwa madogo na makovu ni madogo. Ukifika mwaka mmoja, tofauti kati ya makundi hayo mawili huwa ndogo. Kwa hiyo daktari akikuambia yeye anafanya wa wazi na anaufanya vizuri, usimkimbie kwa sababu ya ukubwa wa kovu.

Na tusidhani upasuaji wa tundu kwenye mguu ni mgeni wa jana hapa kwetu. Watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani, wakitibiwa kwa njia ya Ponseti, wengi wao, baada ya plasta za kila wiki, hukatwa kano ya kisigino kwa kitundu kidogo na ganzi ya palepale, na mama anarudi na mtoto wake nyumbani. Kano ile inaota upya ndani ya wiki tatu za plasta ya mwisho. Kila nikiiona naipenda kazi ile.

Kabla ya kufika kwenye kisu, nina maswali kwako. Nundu inauma pale tu kiatu kinapoisugua, au inauma ndani ya kiungo hata ukiwa peku? Je, kuna usiku uliamka kidole kimewaka moto, chekundu, hata shuka likikigusa unalia, halafu baada ya siku kadhaa kikapoa chenyewe? Hiyo inaweza kuwa jongo. Jongo hutibiwa kwa dawa, na ukimpasua mtu mwenye jongo lisilotibiwa unamwongezea taabu. Kama kidole hakikunjiki kwenda juu na kinasaga ndani, huenda kiungo kimeshalika, na upasuaji wake ni mwingine kabisa.

Halafu viatu. Chukua karatasi, simama juu yake peku kwa uzito wako wote, mtoto akuchoree mguu kwa kalamu. Weka kiatu unachovaa Mwaloni juu ya mchoro. Nimefanya jaribio hili na kina mama wengi, na mara nyingi mchoro unatokeza nje ya kiatu kwa upana wa kidole kizima. Mabuti ya mpira yanayovaliwa kwenye mialo mengi ni membamba mbele, na mpira haulegei kama ngozi. Nunua namba kubwa zaidi yenye mdomo mpana, hata kama urefu utazidi, ujazie kisigino kwa soli ya sponji. Kiatu cha ngozi mpeleke fundi viatu akitanue pale penye nundu tu. Fundi mzuri anajua kukiweka kwenye kalibu usiku mmoja. Fanya hivyo miezi miwili au mitatu. Maumivu yakitulia ukaweza kusimama, huna haja ya kupasuliwa. Nundu haipasuliwi kwa sababu ya sura yake. Inapasuliwa kwa sababu inakuzuia kuishi, na viatu vimeshindwa.

Hali zako za mwili pia lazima zijulikane. Sukari isiyotulia hufanya kidonda kioze na mfupa uchelewe. Sigara huchelewesha mfupa kushikana, na ugoro una nikotini ileile. Kanda yetu ya Ziwa ina watu wengi wenye sikoseli, na wapo wanaofika utu uzima bila kupimwa; kama kwenye ukoo wako kuna mtoto wa sikoseli, sema, kwa sababu inabadilisha namna ya kutoa ganzi na kama mguu utafungwa mpira wa kuzuia damu au la. Kama unatumia vidonge vya majira, sema pia, vingine vinaongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Anayetumia ARV na afya yake imetulia anaweza kupasuliwa kama mtu mwingine yeyote. Dawa yoyote unayokunywa, ya dukani au ya mizizi, itaje hata kama hukuulizwa.

Sasa tuje nyumbani, maana upasuaji ni saa moja, zinazobaki zote ni zako na wa kwako.

Ganzi ya kifundo hudumu saa kadhaa, mara nyingine hadi usiku. Usiku huo wa kwanza ndio unaowadanganya watu: mguu hauna habari, mtu anaamua hahitaji dawa, saa nane ya usiku ganzi inaisha na maumivu yanakuja yote kwa mkupuo. Meza dawa ya kwanza ya maumivu kabla ganzi haijaisha, kisha kwa saa ulizoandikiwa, siku tatu hadi tano za mwanzo, iume isiume. Parasetamo ndiyo msingi. Diklofenaki na wenzake, kwa mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo, mpaka daktari aseme.

Wiki mbili za mwanzo mguu ukae juu ya moyo wako. Nasema juu ya moyo, si juu ya kigoda. Ukikaa kwenye kochi na mguu kwenye stuli, mguu bado uko chini. Lala kwenye mkeka au kitandani, weka mito miwili au gunia lililokunjwa chini ya muundi, kisigino kikae hewani kisigandamizwe. Katika kila saa moja, mguu ukishuka chini usizidi dakika kumi hivi. Huku umelala, kunja na kunjua goti, na vidole vya mguu mwingine vichezeshe, ili damu isigande.

Bandeji usiifungue. Katika upasuaji huu bandeji ni sehemu ya matibabu, imefungwa kwa namna inayokivuta kidole mahali pake, na ukiifungua “kuangalia kidogo” hutaweza kuirudishia hivyo. Doa la damu lenye ukubwa wa sarafu siku ya kwanza ni kawaida. Kuoga, funga mfuko wa nailoni juu ya kifundo kwa raba, kaa kwenye kigoda mguu ukiwa nje ya beseni. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Hata zikishatolewa, usiingize mguu ziwani mpaka ngozi iwe imefunga kabisa bila gamba. Maji ya ufukweni kwetu yana vijidudu vya kutosha, na kichocho huingia hata kwenye ngozi nzima. Na vile vitundu usivinyunyizie unga wa vidonge vya rangi mbili. Nimeshakwangua unga huo kwenye vidonda vya watu mara nyingi mno, umeganda kama chokaa na usaha umejificha chini yake.

Choo. Hakuna anayewaambia wagonjwa habari hii, nami naiona kubwa. Ukichuchumaa, uzito wako wote unahamia mbele ya mguu, palepale penye mfupa uliokatwa. Kwa wiki sita hutakiwi kuchuchumaa. Tafuta kiti cha plastiki, fundi akitoboe katikati, ukiweke juu ya tundu la choo. Kiandaliwe kabla ya siku ya upasuaji. Kama wewe ni Mwislamu, swali ukiwa kwenye kiti, kwa sababu kile kikao cha kukunja kidole gumba kinabana hapohapo. Kama ni Mkristo, kupiga magoti huku vidole vimekunjwa kuna shida ileile.

Mabatini sasa. Nazijua njia zile za juu ya mawe, na ngazi ambazo hazilingani, moja inafika magotini, nyingine nusu ya shibri, na mvua ikinyesha jiwe linateleza kama sabuni. Ushauri wangu ni kwamba kwa wiki mbili za mwanzo, na ikiwezekana sita, usikae huko juu. Omba chumba kwa ndugu aliye tambarare, Nyakato au Igoma au popote bajaji inapofika mlangoni. Ukilazimika kupanda, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka, na mtu awe nyuma yako ukipanda na mbele yako ukishuka. Mkononi uwe na mkongojo. Bodaboda usipande, maana ikiyumba utatupa mguu chini bila kufikiri. Bajaji ina nafasi ya kunyoosha mguu kwenye kiti.

Baada ya nyuzi, utaonyeshwa kukichezesha kidole kwa mkono, juu na chini, bila kukipindisha upande. Kinauma kidogo na watu wanaogopa, lakini kidole kisichochezeshwa hukakamaa, na kidole kilichokakamaa hakikusukumi mbele unapotembea. Katikati ya vidole huwekwa kisponji au plasta ya kuvuta, kwa wiki sita hadi kumi na mbili kadiri daktari atakavyoona. Hufungwi ule “muhogo” wa plasta ngumu, mara nyingi hauhitajiki.

Wiki ya sita unapigwa eksirei. Hapo usishtuke. Kwa njia hii ya tundu, mfupa mpya huchelewa kuonekana kwenye picha, unaweza kuona kama pengo na kichwa cha mfupa kimekaa pembeni mwa mwenzake kama tofali lililosukumwa. Mfupa unajijenga kwenye pengo hilo kwa miezi. Daktari anaangalia kama kichwa hakijasogea tangu picha ya mwisho, na kama ukibonyezwa pale hupigi kelele. Ikiwa sawa, unahamia kwenye raba pana zenye soli nene. Malapa yanayoshikwa na kidole subiri kwanza, yanakilazimisha kidole kubana. Kubeba mzigo mgongoni au kichwani, subiri miezi mitatu.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama huu kwingine. Kazi ilikuwa safi. Alipokwenda nyumbani hakuna aliyemweleza habari za mfupa, aliambiwa tu vidonda vimefunga. Wiki ya tatu hakuwa na maumivu, akajiona amepona, akavua kile kiatu na kuvaa ndala, akarudi kwenye genge lake. Wiki ya tano alikuja kwangu mguu umevimba hadi kifundoni. Kwenye picha skrubu ilikuwa imelegea na kichwa cha mfupa kimeanguka chini. Ilibidi kurudia, kwa kupasua wazi, na miezi sita ya biashara ikaondoka. Sikumlaumu hata kidogo, alifanya kile ambacho maumivu yalimruhusu kufanya. Tangu siku ile, kila mgonjwa wangu wa tundu dogo namwambia: mguu wako utaacha kuuma kabla mfupa haujashikana, fuata kalenda, usifuate maumivu.

Uvimbe utakukera kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi mguu wa kawaida, jioni umejaa. Bonyeza kwa kidole juu ya wayo, shimo linabaki. Hilo linaweza kwenda miezi mitatu hadi sita, na kwa wanaosimama sana hata mwaka. Si dalili kwamba upasuaji umeharibika. Dalili za kukimbilia hospitali ni nyingine: homa, usaha au harufu, maumivu yanayopanda badala ya kushuka baada ya siku ya tatu, vidole kuwa vya baridi au kufa ganzi baada ya ganzi ya sindano kwisha, muundi kuvimba na kuuma nyuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Hizi mbili za mwisho usisubiri asubuhi.

Kuna madhara yanayoweza kutokea hata kwa daktari mzuri. Mshipa wa fahamu unaopita juu ya kidole unaweza kuguswa, ngozi ya ubavu wa kidole ikabaki na ganzi. Skrubu inaweza kuchomoza ikahitaji kutolewa baadaye. Nundu inaweza kurudi baada ya miaka. Uzito unaweza kuhamia kwenye kidole cha pili, ukaanza kuuma unyayo hapo. Mfupa unaweza kukataa kushikana, hiyo ni nadra. Mengi ya haya yanategemea mkono wa daktari, na njia ya tundu ni ngumu kujifunza kuliko inavyoonekana kwenye video. Makumi ya kwanza ya kila daktari ni ya kujifunza. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza kwa heshima: daktari, upasuaji huu wa tundu umefanya mara ngapi, na je, ikishindikana katikati utafungua wazi? Akikukasirikia kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Mguu wa kushoto, kama nao umeanza, uache kwanza. Wapo wanaofanya yote miwili siku moja, ila kwa mtu anayeishi juu ya mawe nakataa.

Kula vizuri. Dagaa unaowauza, wakiliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu na protini ambayo mfupa wako utaihitaji, na hutalipia duka la dawa.

Kuhusu wapi uanzie: pata rufaa kutoka kituo chako cha afya, uende kliniki ya mifupa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Vifaa vya njia ya tundu havipo kila penye daktari wa mifupa, hivyo uliza wazi, na kama una bima uliza mapema kabisa inalipia nini, zikiwemo skrubu. Hii mbalamwezi ijayo, siku zako kumi za mapumziko zitumie kwa hilo. Nenda na viatu vyako vyote vya kazini kwenye mfuko, na ule mchoro wa mguu. Ukitumwa eksirei, mwambie mpiga picha umeomba upigwe ukiwa umesimama, miguu yote miwili imebeba uzito. Mguu uliolala kitandani hauonyeshi mfupa umeegemea kiasi gani.